Mama Chaki na Ubao Wake

Ndugu waombolezaji, familia imemwomba mdogo wa marehemu, huyu aliyesimama mbele yenu, mtunza stoo wa kiwanda chake cha chaki, awasomee historia ya dada yake, na sauti ikikwama njiani mtamvumilia.

Mama Chaki, kama alivyoitwa na wote hadi wajukuu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, mtoto wa pili wa fundi saa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha treni. Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akamaliza sekondari 1974, akasomea ualimu, na Januari 1977 akaanza kufundisha hesabu katika shule ambayo chaki iliisha kabla muhula haujafika katikati. Tarehe 17 Novemba 1979 alifunga ndoa na fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1984, wenzake wakilalamika ofisini, yeye alinunua unga wa jasi, ule wa kutengenezea chaki, akaukoroga kwenye beseni la kuogeshea mtoto, akaumimina ndani ya mabomba ya mumewe aliyoyakata vipande bila ruhusa, na shemeji yetu akang'aka weee, kisha akakaa chini kuyapiga msasa mwenyewe. Mwaka 1988 aliacha ualimu akakodi chumba kimoja cha kutengenezea chaki, na kufikia 2007 alikuwa na mabanda matatu na wafanyakazi arobaini na wawili.

Kila katoni aliipima mwenyewe, akiandika herufi moja ubaoni kwa chaki moja, ikikwaruza, katoni nzima haitoki. Kazi ilipokua, katoni zilipanga foleni mbele ya ubao wake, madereva wakisinzia garini, na mdogo wake alipomwambia kwamba biashara imeongezeka ila mikono yake imebaki miwili, alitia pamba masikioni.

Mei 2009 alifanyiwa upasuaji wa nyongo, akalazwa siku ishirini na nne. Aliporudi alikuta katoni zimefika darini, chaki nzuri kabisa, lakini hakuna aliyethubutu kuzipitisha, na shule kumi na moja zilikuwa zimeshahamia kwingine. Aliwaka, wote wakanywea, hadi mfungaji wa katoni, mama wa watoto wanne, alipomwambia kwamba ni yeye mwenyewe aliyewakataza. Tulijua kibarua chake kimeota nyasi. Mama Chaki aliketi juu ya katoni, akawaomba radhi wote, kisha akaagiza mbao sita, moja kwa kila meza, akaanza kuwafundisha kupima. Tusidanganyane, haikuwa rahisi kwake, kwani kwa miezi kadhaa alinyata nyuma yao kupima tena kwa siri, lakini alijikaza kisabuni hadi akaacha, na shule nane zikarudi.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Tarehe 6 Machi 2024 aliomba kupelekwa kiwandani, akakoroga beseni moja kwa mikono yake, na wiki iliyofuata akarudi kuona chaki zake zimekauka vipi. Mfungaji yuleyule alimwamkia kwa heshima zote, akachukua moja, akaandika, akatikisa kichwa, akasema maji yamezidi, hii haitoki. Roho zilitupanda juu. Mama Chaki alicheka hadi akashika mbavu, na njiani kurudi nyumbani alimwambia mdogo wake kwamba sasa hana hofu tena.

Alifariki tarehe 21 Machi 2024, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa pembeni, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia, walimu wenzake wa zamani, na ninyi wafanyakazi, mlioomba asubuhi hii kiwanda kifunguliwe kwa muda wa saa mbili tu kabla ya mazishi kwa kuwa shule moja ilikuwa inangoja, mkapima, na gari limeondoka bila kumngoja mtu.

Dada, pumzika kwa amani, kazi inaendelea.