Bi Taratibu na Mabirika ya Nili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza magofu na njia za msituni, Bi Taratibu anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Alianza kazi akiwa mfagiaji. Anaondoka akiwa msimamizi wa njia zote za wageni hapa kisiwani.

Jina hilo alipewa na madereva wanaoleta wageni, waliochoka kumsubiri. Kila mgeni mwenye pupa, Bi Taratibu alimzuia getini kwa ufagio: "Haraka ya nini, mwanangu? Mawe hayana miguu." Kwa taratibu hiyo hiyo, kobe wa msitu wetu wamevuka njia miaka yote bila hata mmoja kukanyagwa.

Sasa nieleze jambo ambalo halimo kwenye faili lake. Nyuma ya magofu kuna mabirika manne ya mawe. Mimi, mkuu wa kitengo cha maelezo, ndiye niliyeandika kwenye kibao kwamba malkia alikuwa akioga hapo. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na wageni waliopenda malkia. Wiki ile ile Bi Taratibu aliniambia kuwa bibi yake alikuwa akitia vitambaa rangi ya nili humo, akanionyesha ubuluu uliobaki kwenye nyufa. Nikamjibu mbele ya watu, "Bi mkubwa, wewe fagia, kueleza tuachie sisi."

Miaka ikapita. Siku moja mgeni mnene alijilaza birikani apigwe picha, akanasa. Bi Taratibu alimvuta kwa kamba ya ndoo huku akisema, "Malkia gani huyo wa kuoga magoti yakiwa kidevuni?" Tulicheka sote. Kibao sikukigusa.

Mwaka jana watafiti walipima nyufa zile, wakakuta nili. Mkutanoni nikapongezwa mimi, kama mkuu wa kitengo, kwa ugunduzi huo. Nilisimama, nikapokea cheti. Yeye, kwenye mstari wa nyuma, alipiga makofi. Elimu yangu yote ilishindwa kunitoa kinywani maneno matatu tu: "Ni huyu hapa." Naona aibu, na aibu hiyo nimeistahili.

Jana nilikirudisha cheti kwa mkurugenzi na kumweleza ukweli.

Ahsante, dada yangu, kwa kazi na kwa subira. Tunakuombea afya njema na siku ndefu za kutulia na wajukuu. Ila kabla hujatoka getini, pitia mabirikani. Kibao kipya kinasubiri misumari; kimemtaja bibi yako, na wewe pia. Kisome taratibu, ufute kila neno lisilo la kweli. Kalamu shika wewe; ufagio nipe mimi.