Aliyefumua Bila Kuchana

Ijumaa, tarehe 28 Juni. Kwa Bi Taratibu wa chumba cha kufumulia.

Bi Taratibu anastaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana hii ya kugeuza nguo kuukuu kuwa mpya. Jina hilo tulimpa sisi, maana ndilo neno tulilolisikia kwake mara nyingi kuliko salamu.

Alianza kwa kung'oa vifungo, kisha akapewa kazi ya kufumua: kukata uzi wa mshono na kutenganisha mikono, kola na mifuko ya nguo zilizochoka, ili mshonaji apate vipande vizima vya kushonea nyingine. Ndiye aliyewabembeleza wabunifu wetu washone mishono inayofumulika, nguo ikizeeka isiishie jalalani. Sifa zetu zote zilianzia hapo, ingawa kwenye picha za maonyesho hayumo.

Chumbani kwetu, nguo iliyotundikwa kwenye msumari wa mlangoni ni ya kufumuliwa. Wiki niliyorudi kazini baada ya kumzika mume wangu, nilikuja na koti lake, na kwa kutojielewa nikalitundika pale. Mchana nikalikuta vipande vipande, vimepangwa vizuri na kufungwa kamba.

"Mwanangu, mbona hukusema?" Bi Taratibu akaniuliza nilipomwambia ni la nani, akakaa chini.

Alitafuta uzi wa rangi ile ile, akalishona upya akipitisha sindano kwenye matundu ya zamani. Akanivalisha mwenyewe. "Haya, mkwe wangu amerudi. Na mifuko yake bado mitupu." Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Leo hotuba itasema pengo lake halitazibika. Ni kweli, kwa kuwa hakuna aliyeajiriwa kuliziba. Jumatatu chumba kinafungwa, nasi tunahamia meza za gundi, ambako vipande vinagandishwa badala ya kushonwa. Nguo iliyogandishwa haifumuliki. Ikichakaa ni ya kutupwa. Lebo itaendelea kusema imezaliwa upya. Bi Taratibu aliomba abaki mwaka mmoja tu, awafundishe wapya kufumua. Akajibiwa kwa zawadi ya saa ya ukutani.

Bi Taratibu, asante kwa mikono yako. Macho yapumzike, mgongo unyooke, uamke saa unayotaka. Na ukitusimulia huko uendako, usiseme tulikuwa watu wa gundi. Utukumbuke tukiwa wafumuaji.