Mlimani Hakuna Mheshimiwa

Ifahamike kwa vizazi vyote kwamba Annelis alipanda mlima kutafuta hekima. Kwa kweli alikuwa ametoroka bweni la shule.

Ndani ya kibanda cha abiria kinachopanda mlima kikining'inia kwenye waya, juu ya malisho ya Appenzell huko Uswisi, huku Annelis akiwa nyuma yao, Bibi Manser alimwambia jaji mstaafu waliyefahamiana naye kwenye foleni: "Mlimani tunaitana majina tu. Niite Regula. Tangu mume wangu afariki, hakuna aniitaye hivyo."

"Bibi Manser, mlima ni mwamba. Sisi bado tunaning'inia."

"Basi shuka utembee, mheshimiwa."

Penye mnara unaoshikilia waya, kibanda kikayumba vibaya. Jaji akamng'ang'ania. "Regula, nishike!"

"Umeona? Umeshafika mlimani."

"Hiyo ilikuwa hofu. Haihesabiki."

"Kwangu inahesabika."

Kibanda kikasimama kileleni. Jaji akamgeukia Annelis. "Na wewe, mbona unahema?"

Annelis akakiri kwamba ndiye aliyekuwa akirukaruka pale mnarani.