Sabra Fikirini, Aliyerudi Namwehe Kula

Ndugu, majirani na wageni mliotoka mbali, kabla jeneza halijanyanyuliwa tusikilizane kidogo. Haya ni maisha ya Sabra kwa ufupi, kama walivyoyakumbuka waliokaa naye. Penye tarehe, zimetolewa kwenye vyeti vyake. Pasipo na cheti, aliulizwa mama yake.

Sabra binti Fikirini alizaliwa Alhamisi, tarehe 12 Machi 1992, hapa Ufukoni, kwenye nyumba hii hii mnayoiona, wakati huo ikiwa bado ya makuti. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu mzee Fikirini na Bi Mwanahawa. Baba yake alikuwa kibarua wa vitalu vya mikorosho kule Naliendele. Mama yake ni mama lishe, na wengi wenu mmekula kwake nje ya geti la bandari. Siku aliyozaliwa Sabra, makuli wa bandarini walikuta sufuria zipo mekoni na mpishi hayupo. Walijipakulia wenyewe, wakaosha sahani, wakazifunika. Bi Mwanahawa akawa anasema kila mwaka ifikapo Machi, "Huyu alianza kunikimbiza kazini kabla hata hajapewa jina."

Alianza shule ya msingi mwaka 2000 na kumaliza 2006. Baba yake alifariki mwaka 2004, Sabra akiwa darasa la tano, na tangu hapo nyumba ikaenda kwa sufuria za mama. Sekondari alisoma kuanzia 2007 hadi 2010. Alipomaliza alikaa nyumbani mwaka na miezi, kazi yake kupeleka vyakula kwa makarani wa mawakala wa forodha. Mama yake aliwaona makarani wale wakipita getini na vitambulisho shingoni, mashati yamenyooka, akasema mwanangu naye atavaa kile. Mwaka 2012 Sabra akaingia chuo, hapa hapa Mtwara, kusomea stashahada ya maendeleo ya jamii. Akahitimu 2015. Bi Mwanahawa hakujua sana maendeleo ya jamii ni kazi gani, ila alijua ina meza.

Hapa kuna jambo ambalo lazima lielezwe vizuri, maana maisha yake yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Chuoni kulikuwa na kikundi cha wanafunzi wa kujitolea. Jumamosi, tarehe 21 Juni 2014, wanafunzi kumi na tisa, Sabra akiwemo, walipelekwa kwa gari la chuo hadi kijiji cha Namwehe, mbele ya Mahurunga, karibu na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini. Walikwenda kumpalilia shamba la korosho bibi mmoja mjane, Bi Mastura. Walifanya kazi nzuri. Ekari mbili zilikuwa safi kabla ya adhuhuri, na hata wanaume wa kijiji walisifu. Mwalimu wao alikuwa amewaonya wasiwe mzigo kwa wanakijiji, kwa hiyo kila mmoja alikuja na biskuti zake na chupa yake ya maji. Walikaa kwenye kivuli cha gari, wakala.

Kumbe Bi Mastura alikuwa amechinja kuku wawili. Alipika wali wa mpunga wa bondeni, sufuria kubwa ya kuazima, akatandika mikeka uani. Akaja kuwaita. Wakamjibu kwa adabu, wote kwa pamoja kama darasani, "Asante bibi, tumeshakula!" Wakapiga naye picha. Wakaondoka.

Siku ya nne ikafika barua chuoni kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Josephu. Ilikuwa ya mistari miwili: kijiji kinashukuru, na wanafunzi wasije tena. Kikundi kikakutana. Wakadhani labda wamekata mche wa mkorosho kwa bahati mbaya. Wakaandika barua ya kuomba radhi kwa kukata mche ambao hakuna aliyeukata. Sabra alikuwa mtoto wa mama lishe, na yeye kilichomrudia kichwani ni ile mikeka iliyotandikwa. Aliwaambia wenzake, "Sio mkorosho jamani. Ni wali." Wakamcheka.

Jumamosi iliyofuata alipanda gari peke yake, akashuka Namwehe, akapiga hodi.

"Umekuja kupiga picha?" Bi Mastura alimuuliza, bila kuinuka.

"Hapana bibi. Nimekuja kula."

"Kula nini?"

"Ule wali wa wiki iliyopita. Hata kiporo."

"Wali ule waliula kuku," Bi Mastura akasema. "Kuku waliofiwa."

Sabra akakaa chini, juu ya mchanga. Bi Mastura akamwacha akae. Halafu ndipo akamweleza. Kule Namwehe watu hualikana mashambani kwa zamu. Ukiita watu, unawapikia. Wakila kwako, wamekubali kwamba nawe utaitwa kwao. Mtu akikulimia asile, hajawa mwenzio, amekufanya uonekane umelimisha watu bure. Tangu siku ile ya biskuti, majirani walikuwa wamepalilia kwa watu watatu, na Bi Mastura hakuitwa hata kwa mmoja.

"Nyinyi mmenisaidia," alisema. "Mmenisaidia hadi nimebaki peke yangu."

Sabra akamuuliza, "Wanalima kwa nani kesho?"

"Kwa Josephu."

"Basi leo nikila kwako, kesho nakwenda kwake, nakuwa zamu yako."

Bi Mastura alimtazama mikono. Akaenda kupika. Siku ile ilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, kuku hawakuguswa tena. Sabra alikula, akaosha vyombo, akalala pale, na asubuhi akatangulia shambani kwa mzee Josephu na jembe la Bi Mastura begani. Mzee Josephu alipomwona alisema, "Huyu si yule wa barua?" Bi Mastura akajibu, "Huyu ni wangu. Ameshakula."

Zamu ya Bi Mastura ikarudi. Barua ya mwenyekiti ikafutwa kwa barua nyingine, nayo mistari miwili.

Kazi. Mwaka 2015, baada ya kuhitimu, Sabra alikuwa na milango miwili. Mama yake alikuwa amemwombea nafasi ya ukarani kwa wakala mmoja bandarini, na jibu lilikuwa ndiyo. Upande wa pili kulikuwa na shirika dogo lisilo la kiserikali, Mkono wa Jirani, lililotaka mtu wa kuwapeleka wanafunzi wa vyuo vijijini. Sabra akachagua la pili. Bi Mwanahawa alisikia habari ile akiwa anakaanga samaki, na waliokuwepo wanasema hakugeuza shingo.

"Umesoma miaka yote ili ukapalilie mikorosho ya watu? Si ungeniambia tangu darasa la kwanza, nikakununulia jembe?"

Sabra alimwonyesha kitambulisho chake kipya cha shirika, cha kuvaa shingoni.

"Hicho cha plastiki," mama yake akasema, "hata mimi natengenezewa pale stendi."

Alifanya kazi ile miaka kumi, na mwaka 2016 akahamia Namwehe kabisa. Wanafunzi mia nne na zaidi walipita mikononi mwake. Walipalilia, walichimba visima, walisaidia kupima watoto uzito zahanati. Kabla ya kushuka garini alikusanya chupa zao za maji na biskuti, akazifungia ndani, akawaambia kanuni moja: kazi haijaisha mpaka umekula, na ukishakula kazi ndiyo imeanza. Wengine walinung'unika. Mmoja wao, Veronika, aliyekuwa hali kisamvu, leo anaongoza shirika lake la akina mama wajawazito huko Newala, naye anafungia biskuti za wenzake garini. Yupo hapa, muulizeni.

Ndoa. Mwaka 2017 pampu ya kisima cha Namwehe iliharibika, akaletwa fundi kutoka mjini, Rashidi. Alifanya kazi siku mbili. Siku zote mbili Sabra alimpelekea chakula, na siku zote mbili Rashidi alikila chote akaomba ukoko. Siku ya tatu pampu ilikuwa nzima na fundi bado yupo. Bi Mastura akamuuliza, "Wewe bado unatengeneza nini?" Walifunga ndoa Ijumaa, tarehe 10 Agosti 2018. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, Yasmini mwaka 2019 na Hashimu mwaka 2022.

Sasa, jambo moja lilimkaa Sabra. Mama yake alikuwa akimtembelea Namwehe mara moja au mbili kwa mwaka, na kila safari alikuja na hotipoti yake ya kijani, imejaa chakula cha Ufukoni. Mara ya kwanza Bi Mastura alipika, akatandika mkeka. Bi Mwanahawa akasema, "Nashukuru dada, nimekuja na changu." Bi Mastura akamgeukia Sabra, akacheka. "Kumbe ule ugonjwa ni wa kurithi."

Sabra hakumgombeza mama yake hata siku moja. Alikuwa anakula kwa Bi Mastura, halafu anahamia kwenye hotipoti, anakula tena. Siku za ugeni wa mama alikuwa anashindwa kufunga kanga. Lakini Rashidi anasema alimwambia zaidi ya mara moja, "Siku mama akila Namwehe, nitajua amenisamehe ile kazi ya bandarini." Miaka minane ilipita, hotipoti inakwenda na kurudi.

Ugonjwa. Mwanzoni mwa 2024 miguu yake ilianza kuvimba. Alidhani ni kutembea. Mwezi Mei mwaka ule madaktari walisema ni figo, na zimekwisha kuharibika sana. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki, baadaye mara tatu. Alihamia Ufukoni kwa mama yake ili awe karibu na hospitali. Kazi aliendelea nayo kwa simu, akiwa kitandani, akiwauliza wanafunzi, "Mmekula? Mmekula nini? Nani kapika?"

Tarehe 3 Septemba 2025 alilazwa na hakutoka tena. Wanawake wa Namwehe wakapangana zamu, kama za mashambani. Kila siku mmoja wao alipanda gari alfajiri na chungu kilichofungwa kwa kanga. Sabra hakuruhusiwa chakula kile, daktari alikuwa amempangia cha kwake. Vyungu vikawa vinakuja, vinaliwa na wagonjwa wa vitanda vya jirani, vinarudi vitupu. Bi Mwanahawa alikaa pembeni na hotipoti yake mapajani.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba, ikawa zamu ya Bi Mastura mwenyewe. Alikuja na wali wa bondeni na kuku. Akampakulia Sabra sahani, ingawa alijua.

Sabra akasema, "Mama, mimi nimezuiwa. Fungu langu kula wewe."

Bi Mwanahawa aliitazama sahani ile muda. Akaweka hotipoti chini ya kitanda. Akanawa. Akala tonge la kwanza, akatafuna polepole, kama anavyoonja vya wenzake pale getini.

"Chumvi imepungua," akasema.

"Nimeipunguza kwa ajili ya mgonjwa," akajibu Bi Mastura.

"Mgonjwa mwenyewe hali."

"Basi kula wewe, dada, acha kukagua."

Sabra alicheka hadi muuguzi akaja kutazama. Ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka kwa sauti. Mama yake alimaliza sahani, akaongeza, akaenda kuosha chungu. Aliporudi nacho, kimefunikwa vizuri, alimuuliza Bi Mastura, "Kwako wanapalilia lini?"

"Juni."

"Nitakuja."

Sabra alikuwa macho. Aliyasikia yote mawili, swali na jibu lake.

Alifariki Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu na miezi sita. Mume wake na mama yake walikuwepo.

Ameacha mume, Rashidi; watoto wawili, Yasmini na Hashimu; mama yake mzazi, Bi Mwanahawa; mdogo wake, Faraji; na mjomba wake, Hemedi, anayewasomea karatasi hii. Ameacha pia Bi Mastura, ambaye hakumzaa, na kijiji cha Namwehe, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja mmoja mmoja, lakini tunawaona, wamesimama kule nyuma na chupa zao za maji.

Wanawake wa Namwehe wamepika. Marehemu aliagiza kwamba atakayembeba au atakayemfukia asiondoke hajala, na kwamba atakayekula aulize shamba la nani linafuata. Mama yake ameshauliza. Jembe limetiwa mpini jana, lipo nyuma ya mlango.

Mola amsamehe alipokosea, ampanulie kaburi lake, ampe utulivu. Sisi tukimaliza kumzika, turudi hapa tunawe mikono.