Ufunguo Uliokuwa Mfukoni Mwangu

Karibuni, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti niliyobaki nayo haitavuka chumba. Murielle, zima simu. Joël, najua Kiswahili chako kinachechemea na Kizulu ndicho kinachokutoka mdomoni, lakini leo hutaniambia "sharp, papa", yaani sawa baba, ukaondoka. Usipoelewa neno, dada yako atakueleza. Na wewe Damien, mkubwa wao, usimtazame Adamu hivyo pale mlangoni. Sikumwita aje kuomba msamaha. Nimemwita asikie, na nimemsihi anyamaze mpaka nimalize.

Jana nilikuona, Damien. Ulidhani nimelala. Uliitoa kofia yangu kwenye msumari, ukaivaa, ukajitazama kwenye kioo, ukamwambia mdogo wako kwamba Jumamosi, hao wanaotangaza kupita hapa kwetu Bellevue kuwafukuza wageni wakifika, utasimama katikati ya barabara peke yako kama papa alivyosimama. Eish, mwanangu! Moyo wangu ulikatika kabla ya ugonjwa kuukata. Ndiyo maana leo nazungumza, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi maradhi yangu nimeyaficha miaka kumi na saba.

Sikilizeni asili yake. Nilikuwa mtoto wa kambi ya wachimba migodi kule Likasi, na kila Jumamosi walitundika shuka jeupe ukutani wakatuonyesha sinema za makauboi. Lugha hatukuielewa, lakini nani alihitaji lugha? Mtu mmoja, nyota ya bati kifuani, maneno machache, macho makavu. Wabaya wanakuja, mji mzima unajificha nyuma ya madirisha, naye anatoka peke yake kwenye vumbi. Tuliwazomea waliojificha mpaka koo zikakauka. Nikajiambia: huyo ndiye kiongozi, haulizi mtu, haogopi, hashukuru. Nilikuja na somo hilo mpaka Johannesburg, nikanunua kofia kwa muuzaji wa barabarani Marshalltown, na wapangaji wenzangu waliponifanya mkuu wa nyumba hii yenye vyumba saba, jambo la kwanza niliamuru geti liwe na kufuli moja na ufunguo mmoja, na ufunguo ukae kwangu. Mama yenu Agnès, Mungu amlaze pema, aliniambia, "Papa Damien, kidole kimoja hakivunji chawa." Nikamcheka.

Basi ikaja ile Jumapili ya vurugu. Tulisikia makelele kutoka kwenye robot, pale taa za barabarani, saa tisa mchana, jua linawaka. Agnès akasema tuvuke barabara tukamwite gogo MaRadebe, yule bibi jirani, yeye ni mwenyeji na watu wanamheshimu. Nikamwambia mwanamume hajifichi nyuma ya kikongwe. Nikawaingiza watu wote ndani, kumi na mmoja, nikafunga geti kwa nje, nikavaa kofia, nikaenda kusimama barabarani.

Mnajua walinifanya nini? Hawakunifanya kitu. Hakuna aliyesimama kunitazama machoni. Kijana mmoja alinisukuma kwa bega, kama unavyosukumwa kwenye foleni ya teksi, nikaanguka mtaroni. Wakapita. Wakarusha chupa ya petroli kwenye dirisha la mbele, chumba cha Adamu fundi cherehani, kilichojaa vitambaa.

Mlikimbilia geti. Damien, ulikuwa na miaka tisa, nilikusikia ukiniita. Nami nililala mtaroni, sikuinuka. Msiseme niliumia. Niliogopa! Adamu ndiye aliyerudi ndani ya moto, akayakumbatia majora ya vitambaa yanayowaka kwa mikono mitupu na kuyatupa uani, ili nyinyi mpate hewa. Na aliyevunja kufuli ni MaRadebe, kwa shoka lake la kuni, kandambili miguuni, kina mama wa kanisa lake wakiimba nyuma yake. Wale vijana aliwaita mmoja mmoja kwa majina ya mama zao, na mmoja mmoja wakaona aibu wakatawanyika. Hakuwa na kofia. Alikuwa anawajua watu.

Jioni watu wakauliza: ufunguo ulikuwa wapi? Nami, mbele yao wote, nikasema nilimwachia Adamu, akababaika akaupoteza.

Adamu alikuwa hospitali. Aliporudi, mikono imefungwa bandeji, watu walikuwa wameshahamisha viti vyao mbali naye. Alinitazama, akasubiri niseme. Nikainyoosha kofia yangu nikatazama pembeni. Akahamia Troyeville, na tangu siku ile hajashona hata kifungo. Mama yenu aliukuta ufunguo alipokuwa akifua suruali yangu. Aliuweka mezani, na mwezi mzima hakula nami sahani moja. Nyinyi mkakua mkiimbiwa ushujaa wa baba yenu. Nisameheni. Nasema nisameheni, mimi ambaye sijawahi kulitamka neno hilo.

Nimeziwaza sana zile sinema nikiwa hapa kitandani. Zinahitaji mji mzima uwe mwoga ili mtu mmoja aonekane mrefu. Halafu huyo mtu anapanda farasi anaondoka, na hakuna anayetuonyesha kesho yake nani alizika, nani alifuta damu, nani alibaki na watoto. Kiongozi ni yule atakayekuwepo Jumatatu.

Sasa shikeni haya, pumzi inanipungukia. Nyumba hii ni ya kupanga, msigombanie kuta. Kofia, ichomeni. Ufunguo... Joël, uchongeshe nakala leo, kila chumba na wake, na geti lifungwe kwa ndani. Damien, kabla jua halijazama, vuka barabara, uketi chini mbele ya MaRadebe, umuulize Jumamosi tufanye nini. Muulize, usimwambie. Cherehani ya Adamu, aliyoiacha alipohama, iko chini ya kitanda hiki, nimeitia mafuta kila mwaka. Mpelekeeni binti yake, Bushra, anajua kushona. Na siku ya mazishi, Murielle, yaseme haya kwa sauti, mbele ya watu wote, wale wale...

Maji. Kidogo. Basi.

Mungu awape watu wa kuwaita kwa majina, wanangu. Awape milango inayofunguka. Mkono wangu... Damien, ulitaka nikuwekee mkono kichwani, kama baba yangu alivyoniwekea. Siuweki. Mkono huu ulikuwa mfukoni umeshika ufunguo. Piga magoti pale, mbele ya Adamu. Adamu, ndugu yangu, ukikataa una haki, sitakulaumu... Lakini kama utaweza, mtoto huyu ulimwokoa motoni. Mbariki wewe.

Macho yangu yameingia ukungu... Murielle, usilie, niambie tu. Mikono ya Adamu ilikuwa mifukoni mwa koti lake. Ametoa mkono?