Onyo Lisilogombeza: Kwaheri ya Staff Sajenti Agripina

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Staff Sajenti Agripina Enock anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hapa kituoni tunamwita Mama Onyo, na wageni hudhani ni kwa sababu ya ukali. Ukali anao, hasa kwa anayeacha kikombe kichafu kaunta. Lakini jina hilo lilitoka kwingine.

Alizaliwa Iramba, kwa wakulima wa alizeti. Alianza akiwa konstebo wa kaunta, kisha akahamia upelelezi na cheo cha koplo. Mwandiko wake ni mzuri, kwa hiyo wenzake walimsukumia maelezo yote marefu. Naye kwa kupenda sifa akayapokea.

Mwaka 2004 aliletewa Evodia, mkulima wa Mgori, aliyetuhumiwa kuiba cherehani ya kikundi cha akina mama. Sheria inataka mtuhumiwa aonywe kabla ya kuhojiwa: kwamba halazimiki kusema neno lolote, na kwamba atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Agripina alimsomea onyo lote bila kuruka nukta. Evodia aliinamisha kichwa akajibu, “Nimesikia, afande. Sitarudia tena.” Agripina akaandika hivyo hivyo kwa mwandiko wake mzuri, Evodia akaweka dole gumba, jalada likafungwa. Kesho yake mama huyo angepelekwa mahakamani akiwa na maneno yanayotosha kumfunga, na nyumbani ameacha watoto watatu.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Agripina alimkuta mbuzi ndani ya bustani ya mchicha. Akamwonya binti yake kwa kuacha geti wazi. Mtoto akainamisha kichwa, akasema hatarudia tena. Dakika chache baadaye jirani alikuja kuomba radhi, kwani geti aliliacha wazi yeye. Agripina aliacha chai mezani. Kwetu mtu akionywa na mkubwa, adabu ni kuitikia hivyo, awe na kosa au asiwe nalo. Nani asiyejua hilo? Yeye mwenyewe alilelewa hivyo, na bado alikuwa ameiandika adabu akaiita kukiri.

Alikwenda moja kwa moja mahabusu kwa Evodia, akamuuliza hilo ambalo hatalirudia ni lipi. Jibu lake tunalikariri hadi leo: “Sijui, afande. Wewe ndiye uliyeniona nina kosa, nikaitikia.”

Wakati huo jina la Agripina lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Angeweza kunyamaza, maana karatasi ilikuwa safi na dole gumba lilikuwepo. Badala yake aliingia kwa mkuu wa kituo, akaeleza kosa lake, akaomba maelezo yachukuliwe upya na mpelelezi mwingine. Mkuu hakufurahi, na hilo tuliokuwepo tulilisikia kupitia ukuta. Lakini Evodia alihojiwa upya dada yake akiwa pembeni, mambo yote yakifafanuliwa kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, na jioni akapata dhamana. Wiki iliyofuata cherehani ilikutwa kwa fundi mjini. Katibu wa kikundi aliipeleka matengenezo bila kumwambia mtu. Agripina alisubiri cheo chake miaka miwili zaidi.

Tangu hapo kila mtuhumiwa aliyekaa mbele yake ameanza kwa kusikia kwamba onyo hili si la kumgombeza, ni la kumlinda. Kisha anatakiwa kueleza kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha yoyote, alichoelewa. Chumba cha mahojiano kilikuwa na viti viwili. Agripina alileta cha tatu kutoka kwake, cha ndugu, rafiki au wakili. Atakayekigeuza kuwa mahali pa kutundika koti atamjua.

Mimi mwandishi wa wasifu huu, Koplo Mrisho, nilionja ukali wake mapema. Niliambiwa mahojiano yana muda wa saa nne, nami nikamhakikishia ndugu wa mtuhumiwa kwamba ifikapo saa nne asubuhi tutakuwa tumemaliza. Wakati huo ilikuwa saa tatu na nusu. Agripina alinisimamisha chini ya saa ya ukutani, akanifundisha kuhesabu saa nne kuanzia hapo, hadi saa saba na nusu, mbele ya ndugu huyo huyo. Niliona aibu, lakini sijakosea tena.

Mwaka jana Evodia alirudi kituoni, safari hii akikalia kile kiti cha tatu, kwa ajili ya mpwa wake. Konstebo wetu mpya alisoma onyo mbio mbio akataka kuendelea. Evodia akamsimamisha kwa heshima, akamtaka kwanza amuulize kijana ameelewaje. Agripina alikuwa mlangoni. Alitoka nje akajifanya anapokea simu, lakini sote tulimwona akifuta machozi.

Ahsante, Mama Onyo, kwa kutufundisha kusikia kabla ya kuandika. Mungu akupe afya, mvua za kutosha kwenye alizeti zako, na mbuzi wenye kuheshimu mageti. Na sasa, kabla hujasimama kutuaga, tunakuonya kama sheria inavyotaka: hulazimiki kusema neno lolote, lakini utakalosema tutaliandika. Isipokuwa ukisema hutarudi tena. Hilo hatuliandiki.