Shangazi Lebo Anamfuata Mumewe

Tarehe 30 Juni, Shangazi Lebo anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika chumba cha kompyuta cha hospitali yetu. Hajaondoka, nasi tumeshaanza kumkumbuka.

Alikuja kuandika programu akiwa bibi harusi wa juzijuzi. Mumewe, fundi wa mitambo ya umeme, alikuwa amepangiwa kazi mbali, wakaambizana ni kwa muda tu. Muda ukazaa muda. Kila mchana tulimwona kwenye dirisha la ngazi, simu sikioni, akiuliza kama mwenzake amekula. Akirudi mezani, hakuna aliyemsemesha mpaka amalize chai yake.

Jina la Lebo alilipatia kazini. Lugha anayoandikia programu humruhusu mtu kubuni lebo zake na kuzibandika kwenye taarifa: hii lazima ijazwe, hii ni ya daktari tu, hii ni siri. Lebo yenyewe haifanyi kitu. Programu ndiyo huisoma ikajua la kufanya. Wengine tulinung'unika kwamba anatuchosha bure. Alicheka, akaendelea kubandika.

Kisha ikaja skrini mpya ya mapokezi. Fundi aliyeifunga aliiagiza ionyeshe kila kitu cha wagonjwa. Karani wa mapokezi, ambaye ameniruhusu kusimulia haya, aliinua macho akaliona jina lake, maana asubuhi hiyo alikuwa amepimwa. Lakini mbele ya jina palikuwa na namba ya chumba tu. Majibu yake yalikuwa na lebo ya siri, na programu ilikataa kuyatoa hadharani.

Alipanda ngazi moja kwa moja, akamkumbatia Shangazi.

"Umenisitiri, dada."

Shangazi naye machozi yakamtoka. "Hata mimi nina yangu, mwenzangu. Nimenyimwa uhamisho tena."

Wote chumbani tuliinamisha vichwa. Kumbe mwaka hadi mwaka alikuwa akiomba kwenda kwa mumewe, na kesho yake anakuja kazini akitutania kama kawaida.

Sasa mumewe naye amestaafu. Amenunua meza ya watu wawili, na juzi alipiga simu kuuliza iwekwe upande gani. Shangazi alicheka hadi akatafuta leso. Katika ndoa yake yote, hakuwahi kuulizwa swali hilo.

Shangazi, ahsante kwa kutufunza na kwa kutuvumilia. Chumba kitatupwaya bila wewe. Tunakutakia maisha mema, na siku nyingi mno pamoja naye, hata mpate nafasi ya kuchokana.